Kizingiti cha Chumba cha Sajenti

Habari ya kifo cha Bi. Zamda ilinikuta juu ya ngazi, napaka rangi ukuta wa gereji huko Kibaha. Aliyepiga simu ni Shabani, mtoto wa mdogo wake, ambaye mara ya mwisho kumwona kwa karibu alikuwa bado anakojoa kitandani. Sasa ana sauti ya mtu mwenye kitambi. "Braza, mama mkubwa hatunaye. Tumeshazika zamani, namba yako ilikuwa haipatikani. Njoo basi arobaini." Nilimwambia nitakuja. Nilishuka ngazi, nikaosha brashi, halafu nikakaa juu ya ndoo ya rangi nikijaribu kumlilia yule mama. Kila nilipomwaza, uso wake haukuja. Kilichokuja ni kipande cha saruji.

Nilifika Mbagala siku yenyewe asubuhi. Barabara ya Kilwa imepanuliwa mpaka sikujua nishukie wapi, lakini nyumba niliijua kwa mbali, kwa sababu ndiyo pekee mtaa ule isiyo na ngazi mlangoni. Turubai lilikuwa limefungwa, kina mama uani wanamenya vitunguu, masufuria ya pilau yameinama kwenye mafiga. Niliingia ndani kutoa pole. Korido ilikuwa na giza lilelile. Nikageuka kuchungulia chumba cha pili kushoto, na mguu wangu ukajigonga kwenye kizingiti mpaka ukucha ukatoa damu. Kilikuwa bado kipo. Nilisimama pale nikikiangalia kama mtu aliyekutana na ndugu aliyemdhulumu.

Nilikozaliwa, na kwa nini niliacha shule darasa la sita, si habari za simulizi hii. Itoshe kusema nilipofika nyumba ile kwa mara ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeshabeba magunia soko la Tandale, nimeshalala kwenye mabanda Kinondoni, nimeshafukuzwa na wapishi wawili na dereva mmoja. Nilikuwa na begi moja la turubai ambalo sikuwahi kulifungua lote. Nikipata chumba nilikuwa nalitundika msumarini, natoa shati ninalolihitaji, lililobaki linakaa humohumo. Mbagala nilikuja kama saidia fundi, tunajenga nyumba ya mtu mitaa ya nyuma. Kila siku nikipita namwona mwanamume ameketi kwenye baraza, chini kabisa, sakafuni, anashona miavuli. Sikuweza kupita tu. Ugonjwa wangu ni huo: nikiona kitu sikijui, miguu inasimama yenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unaangalia nini, mwavuli au miguu?"

"Mwavuli."

"Muongo. Kila mtu anaanza na miguu. Kaa hapa, tuimalize hiyo habari kwanza, halafu tuzungumze mambo ya maana."

Nilikaa. Hakuwa na miguu kuanzia juu ya magoti. Nikamwuliza imeenda wapi. Fundi mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu alishtuka, akanivuta shati. Yule bwana akacheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. "Imebaki mpakani," akasema. "Inalinda. Mimi nilipewa likizo, yenyewe bado iko kazini."

Huyo ndiye Sajenti Damiani. Alikuwa mtu wa Newala, aliyepigana vita akiwa kijana na kurudi kwa machela. Siku ileile aliniita kuruta, na hakuniita jina jingine mpaka mwisho. Bi. Zamda, mwenye nyumba, yeye aliniita Kiguu na Njia, tangu aliposikia nimeishi wapi na wapi. Nilipoomba chumba alinisaili mlangoni, mkono kiunoni, khanga imefungwa kifuani.

"Unakunywa?"

"Hapana, mama."

"Unaswali?"

"Mara mojamoja."

"Dumu la maji unaweza kubeba mawili kwa mpigo?"

"Naweza."

"Hilo ndilo nililokuwa nataka kujua. Mengine yako na Mola wako."

Nimepanga nyumba nyingi tangu wakati ule, lakini sijaona nyingine kama ile. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Ila ilikuwa imejengwa chini chini. Kutoka baraza mpaka choo sakafu ilikuwa moja, nyororo, hakuna mahali pa kunyanyua unyayo. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa usawa wa kiuno. Rafu ya vyombo ilikuwa chini kama ya watoto wanaocheza kibaba baba. Ukutani mwa korido kulikuwa na kamba nene ya katani, imepigwa misumari kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, na chooni kulikuwa na kamba nyingine imening'inia kutoka kwenye boriti, juu ya kiti cha mbao chenye tundu. Vyote hivyo Bi. Zamda alianza kuviweka kwa ajili ya mwanawe wa pekee, Tatu, aliyezaliwa upande wa kulia ukiwa hauna nguvu na ulimi ukiwa mzito. Tatu tulilingana umri. Alikuwa na maneno machache na kila moja alilitumia kwa kazi tatu nne. Bi. Zamda alinisimulia kwamba fundi aliyejenga nyumba alikataa kabisa kuacha milango bila vizingiti, akasema mvua ikija maji yataingia. "Nikamwambia, maji yakiingia yanafagiwa. Mwanangu akianguka atafagiwa na nani?" Nilicheka sana aliponiambia hivyo. Nilicheka, halafu nikasahau.

Sajenti aliifikia nyumba ile baada ya kuzunguka Keko, Tandika na Temeke yote. Hakuna aliyemfukuza kwa ubaya. Mwenye nyumba mmoja alimwambia choo chetu hakikufai, mzee wangu, utapata taabu. Mwingine alisema wapangaji wenzako wana watoto, wataogopa. Mwingine alimpa chumba kizuri chenye ngazi tatu, na kila siku Sajenti akawa anasubiri mtu apite amshushe, na jioni anasubiri mtu apite ampandishe. "Hospitali walinitunza vizuri," aliniambia, "mpaka kidonda kikafunga. Sasa kidonda kikishafunga, watu wanadhani na wewe umeshamalizika kuuguzwa. Hakuna anayeuliza, huyu analala wapi? Choo anaendaje?" Kwa Bi. Zamda hakubebwa. Alikuwa na kigari: ubao mnene kama wa kukatia nyama, chini umefungwa bering nne za gari kama magurudumu, kazi ya fundi wa gereji. Alikaa juu yake, akasukuma sakafu kwa mikono miwili iliyovaa kandambili, na nyumba nzima ikajua yuko wapi. Zile bering zilinguruma kama mtu anasaga mahindi. Alfajiri zilikwenda chooni, zikarudi, zikaenda barazani. Ziliniamsha kila siku, na kila siku nilizilaani kimoyomoyo.

Jioni tulikula koridoni, kwenye mkeka, sinia moja. Wali na maharage ya nazi, siku nyingine ugali na dagaa, na Bi. Zamda akiwa na furaha anakaanga mchicha kwa karanga. Ninachokikumbuka zaidi ya ladha ni kwamba tukikaa pale wote tulikuwa urefu mmoja. Sajenti hakumtazama mtu kwa kuinua shingo. Alimwita Tatu Kamanda. Wakimaliza kula, Tatu anafunga khanga kwenye kigari, anashika kamba ya ukutani kwa mkono wake mzima, khanga anaizungusha kiunoni, anamvuta Sajenti kwenda uani kupunga upepo, huku Sajenti akipiga saluti na kutoa amri. "Kushoto, Kamanda! Adui yupo jikoni!" Tatu alicheka mpaka mate yanamtoka, na Sajenti alimfuta kwa kona ya shati lake bila kukatisha amri. Nilikuwa naangalia wale wawili wakipotea kwenye mlango wa nyuma, mmoja anaburuta mguu na mwingine hana, na nikiri kwamba niliwaonea wivu. Wao walikuwa wamefika. Mimi begi langu lilikuwa msumarini.

Nyumba zile hazikuwa na dari. Kuta zilipanda mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu aliyesimama juu ya stuli, zikaishia hapo, juu ni bati tupu linalofunika wote. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa mwisho anasema pole, au hasemi. Kwa kawaida hasemi. Aliyekulia nyumba hizo anajua kwamba adabu ya kwanza ni kutosikia. Mke na mume wakigombana, asubuhi unawasalimia umelalaje, wanakujibu salama, na wewe huna masikio. Nilijifunza adabu hiyo Kinondoni na nikaiona nzuri, kwa sababu bila hiyo watu wasingeweza kuishi. Alfajiri, Bi. Zamda akimaliza kuswali, nilimsikia akiomba kwa sauti ya chini. "Yaa Rabbi, mtangulize Tatu. Japo kwa siku moja. Mtangulize yeye, mimi nifuate." Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Mama gani anaomba mwanawe atangulie? Ilinichukua muda kuelewa anaogopa nini. Nilipotoka uani alinipa kikombe cha uji na kuniuliza nimelalaje. Nikasema salama.

Mwaka ule mvua za masika zilikataa kukoma. Kule Mbagala maji hayakuanguka kutoka juu tu, yalitoka na chini, yalipita nyuma ya vyoo, yaliingia nyumba za watu yakabeba ndoo na kandambili zao. Kila nyumba mtaani ilianza kuinua vizingiti. Sisi mafundi tulikuwa na kazi hiyo tu wiki nzima: matofali mawili, zege kidogo, piga lipu, kesho nyumba nyingine. Chumba cha Sajenti kilikuwa upande wa bonde. Alilala kwenye godoro sakafuni ili aweze kupanda kigari mwenyewe, na asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya godoro lililolowa kama mkate kwenye chai, vitambaa vyake vya miavuli vinaelea, naye anaimba wimbo wa gwaride. Bi. Zamda alikuwa Kisarawe kwa mdogo wake aliyejifungua. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilibeba saruji iliyobaki kazini, nikachagua mchanga safi, nikasubiri Sajenti yuko barazani na wateja wake, nikamjengea kizingiti. Sikulipua. Kazi za watu nilikuwa nafanya nusu nusu, ile nilifanya kama najenga msikiti. Nilikipandisha shibiri moja, nikakipiga lipu ya mviringo juu, nikakipaka simenti ya maji ikang'aa.

Jioni Sajenti akaja na mngurumo wake. Bering zikasimama. Alikiangalia kile kitu kwa muda, akanyoosha kidole akagusa, bado kibichi. Halafu akaniangalia mimi, niliyesimama na mwiko mkononi, natabasamu kama bwana harusi.

"Safi, kuruta," akasema. "Hapa hata adui hapiti."

"Umekipenda, afande?"

"Kimesimama vizuri."

Nikambeba nikamvusha. Nilimbeba kwa furaha, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Bi. Zamda aliporudi alisimama koridoni, bado ana mtandio wa safari kichwani. Alikitazama kizingiti kwa kitambo. Mimi nikamweleza maji yalivyokuwa, saruji nilivyoipata, na kwamba sikutaka malipo. "Umefanya kazi, mwanangu," akasema. Jioni ile alichinja jogoo. Maji hayakuingia tena chumbani kwa Sajenti. Na asubuhi zikawa kimya. Nilikuwa nalala mpaka jua linatoka, na niliamka nikijisifu kwamba mzee wa watu sasa analala vizuri, godoro kavu, hana haja ya kuhangaika alfajiri.

Aliyeniambia ukweli ni Tatu, na aliniambia kwa njia aliyoiweza. Siku chache baadaye nilimkuta ameketi mbele ya mlango wa Sajenti na mchi wa kinu, anaupandisha kwa mkono mmoja na kuuachia juu ya kizingiti. Pu. Pu. Kona moja ilikuwa imebanduka.

"Tatu! Unafanya nini?"

"Toa," akasema.

"Sitoi. Mvua ikija Sajenti atalala wapi?"

"Toa!"

Nikamnyang'anya mchi. Ndani, Sajenti alikuwa anasikia yote. Niliziba ile kona kwa simenti na kumwambia mama yake amwangalie, ameanza utundu. Akarudia siku iliyofuata, nikaziba tena. Nilijiona nina subira kubwa kwa mgonjwa.

Mimi nilikuwa natoka na jua na kurudi na giza. Sikuona mchana wa nyumba ile. Wateja wa miavuli walikuja wakakuta baraza tupu. Mwanzoni walipitisha miavuli dirishani, halafu wakapata fundi mwingine jirani na kituo. Ulikuwa msimu wa mvua, msimu ambao fundi miavuli anatakiwa kukosa hata muda wa kula, na yeye alikuwa ndani anahesabu mabati. Bi. Zamda mgongo ulikuwa hauwezi kumwinua. Jioni niliporudi nilimvusha, nikampeleka chooni, tukala, nikamrudisha. Aliacha chai ya jioni, akasema inamnyima usingizi. Kisha akawa anakunywa maji kwa kugusisha mdomo tu. Bi. Zamda akileta tikiti maji, Sajenti anasema halimpendi, kuruta na ale. Nikawa nakula fungu langu na fungu lake. Kila nikiona tikiti maji barabarani mpaka leo, nakumbuka nilivyokuwa natema mbegu.

Halafu jioni moja nilirudi mapema kwa sababu mvua ilitufukuza kazini. Nilijitupa kitandani. Chumba changu kilipakana na cha Sajenti, na sauti zikapita juu ya ukuta.

"Mwambie akivunje," Bi. Zamda alikuwa anasema. "Wewe ni mwanamume mwenzake."

"Mie simwambii. Umemwona anavyokiangalia? Kama kamzaa."

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia ataona aibu. Akiona aibu ataondoka. Yule begi lake liko msumarini tangu siku aliyokuja. Akiondoka nani atakuchotea maji? Tatu akianguka chooni nani atamnyanyua?"

"Na wewe utaendelea kukaa na kiu humu ndani mpaka lini?"

"Masika yataisha. Nimekaa kwenye handaki muda mrefu kuliko huu."

Nilibaki nimelala, viatu vina matope, sijisogezi ili kitanda kisilie. Nyundo ilikuwa chini ya kitanda. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini nikitoka na nyundo watajua nimesikia, na mtu mwenye adabu hasikii. Nilijiambia nitasubiri waniambie wenyewe. Kesho nikaamka, nikasalimia, nikaulizwa nimelalaje, nikasema salama. Na kesho yake. Nilikuwa najua wanajua, nao walidhani sijui, na tulikula sinia moja. Kila siku niliyongoja, kuvunja kulizidi kuwa kugumu, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na zile siku za nyuma. Niliongeza bidii ya mambo mengine. Nilichota maji mpaka mapipa yakafurika. Nilimbeba Sajenti kwa uangalifu kama yai. Hakuna aliyehitaji hayo.

Masika hayajaisha Sajenti akapata homa. Hospitali walisema mkojo umeharibika, figo zimeingiliwa, hanywi maji ya kutosha. Daktari alimwuliza kwa nini hanywi maji, naye akajibu, "Nimezoea tu." Mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika shuka. Alipopata nafuu kaka yake alikuja kutoka Newala, mtu mpole, mkulima wa korosho, akasema mgonjwa hawezi kukaa kwa watu wakati ana ndugu. Bi. Zamda alijaribu. "Hapa si kwa watu," alisema. Lakini hakuwa na la kumwonyesha yule kaka. Alichokiona ni ndugu yake aliyefungiwa chumbani nyuma ya ukuta wa shibiri.

Siku ya kuondoka kaka alimbeba mgongoni. Walipofika kwenye kizingiti Sajenti alimwambia ainame, akakigonga kwa vidole, akaniambia, "Kimeshika, kuruta. Fundi we!" Sijui mpaka leo kama alinitania au alinisamehe. Kigari kilibaki. Kaka alisema kule kwao ni mchanga mtupu, bering hazitembei.

Niliondoka kabla mwezi haujaandama. Bi. Zamda alisimama mlangoni akaniuliza narudi lini, nikasema nikipata kazi. Akasema haya. Tatu hakutoka kuniaga. Kizingiti sikukivunja hata siku ile, nilikipita na begi langu. Miaka mingi baadaye nilipita Mbagala na kilo mbili za sukari, na Bi. Zamda akanisimulia kwamba Sajenti alikuwa ameshafariki kule kwao. Walimtunza sana, alisema. Asubuhi walimtoa nje, jioni walimwingiza ndani, kama mkeka. "Alikuwa anakuulizia," akasema. "Wewe ulikuwa kijana mzuri." Nilikunywa chai yake na sikusema nilichokisikia juu ya ukuta. Nilihama mikoa mingi na maneno hayo mawili, kijana mzuri.

Basi nilikuwa hapo, siku ya arobaini, ukucha unatoka damu. Hitma ilipokwisha na pilau limeliwa, ndugu walikaa koridoni kwenye mkeka kuzungumzia nyumba. Shabani alitaka kubomoa mbele aweke fremu za maduka. Si mtu mbaya, ana watoto wanaosoma. Shangazi mmoja akauliza, "Na huyu?" akielekeza kidevu kwa Tatu, ambaye alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, ameegemea ukuta, nywele zimeingia mvi kama zangu.

"Tumzungushe," Shabani akasema kwa sauti ya chini. "Mwezi kwangu, mwezi kwako. Kwangu ni ghorofani ila watoto watambeba."

"Kwake popote sawa," shangazi akasema. "Hajui."

Wote waliteremsha sauti, na Tatu aliangalia mbele kama asiyesikia. Alikuwa na adabu kuliko sisi sote.

"Anasikia," nikasema.

Wakanigeukia. "Nani?" Shabani akauliza.

"Tatu. Anasikia. Na mimi nimesikia. Kwa nini hamumwulizi?"

Nikamgeukia mwenyewe. "Tatu, unataka kukaa wapi?"

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta neno moja la kunitosha. "Hapa," akasema. Halafu akanyoosha mkono mzima kuelekea mlango wa pili kushoto. "Toa."

Niliazima nyundo na tindo kwa jirani. Shabani alisimama. "Braza, kuna arobaini humu! Unabomoa nyumba ya urithi?"

"Nabomoa changu," nikamwambia.

Nilidhani itakuwa nusu saa. Tindo lilikuwa linaruka na cheche. Jasho liliniingia machoni, na kila nilipogonga kilibanduka kipande kama ukucha. Nimejenga kuta ngapi ambazo zimeshaanguka, nimepaka rangi ngapi zimeshababuka. Katika maisha yangu yote kazi niliyoifanya vizuri ni hiyo. Tatu alikuja akijivuta kwa kamba ya ukutani, akaketi upande wa pili na mchi wake, na tukawa tunapokezana, mimi nyundo, yeye mchi, mpaka watu wakachoka kutuangalia wakaenda kuosha masinia.

"Na nani atakaa naye?" Shabani aliuliza baadaye, tumekaa kwenye vumbi. Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli.

"Mimi nitapanga chumba changu cha zamani," nikasema.

"Muongo," Tatu akasema, kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia kwake.

Shabani amekubali kuiacha nyumba mpaka masika yajayo yapite, halafu tutaona. Jirani mmoja mama anakuja kumwogesha Tatu, maji nachota mimi, na kigari cha Sajenti tumekikuta stoo, bering zimeshika kutu. Wiki iliyopita alikuja kijana mwenye magongo, alivunjika kwenye ajali ya bodaboda, amezunguka Tandika nzima hapati chumba. Aliuliza jambo moja tu: chooni kuna kitu cha kushika? Nikamwonyesha kamba. Aliivuta kwa nguvu kuijaribu, akaning'inia, akacheka peke yake. Nimempa chumba cha Sajenti. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu najua wako wengi kama yeye, na najua ninachokijua juu yangu. Nyumba ya watu kama hawa haikupaswa kutegemea mtu kama mimi, anayepita njia akavutiwa, akasimama. Ilipaswa kuwepo hata kama hakuna anayesimama.

Tatu analijua hilo. Kila asubuhi anakuja ameshika kamba ya ukutani mpaka mlangoni kwangu, hanisalimii, anatazama msumari kuona kama begi lipo. Likiwepo anaondoka. Juzi niliamka nikakuta msumari mtupu. Nilitoka uani mbio. Begi langu lilikuwa kwenye ile kamba ya chini, limefuliwa, limepinduliwa ndani nje, linadondosha maji, na vitu vyangu vyote vimepangwa juu ya rafu fupi ya vyombo. Tatu alikuwa ameketi pembeni yake kwenye kigoda, mchi mapajani, analinda.